Nimekwama kuandika: je, niache kwanza kufuma na kutembea na rafiki yangu?

"Mimi na rafiki yangu tumezoeana tangu shuleni, na karibu kila tunachokipenda tunakifanya pamoja. Tunafuma, tunatembea jioni, tunajaza mafumbo ya maneno, na kwa miaka michache sasa tunaandika hadithi. Mwaka jana hadithi yangu moja ilichapishwa na watu wakaisifu sana. Tangu hapo sijamaliza nyingine. Nakaa mezani, naandika sentensi ya kwanza, naifuta, naiandika tena, mwishowe nashika simu. Mwenzangu anaendelea vizuri. Kila usiku ananitumia idadi ya maneno aliyoandika, nami naona aibu kumjibu. Miezi miwili iliyopita nilijiambia kwamba starehe ndizo zinazonimaliza. Nikaacha kufuma, nikaacha matembezi, nikaapa sitavirudia mpaka nimalize hadithi. Sijaimaliza. Sasa hadithi sina, na raha ya kukaa na rafiki yangu nimeikosa. Je, kipaji kimeisha? Niendelee kujinyima au nirudi? Na je, marafiki wawili wanaweza kuandika pamoja bila kuharibiana?"

Pole sana kwa miezi hii. Barua yako ina mambo matatu yaliyoshikana: huandiki, mwenzako anaandika, na umejinyima vitu mlivyokuwa mkivifurahia pamoja. Wewe umeyapanga kana kwamba hilo la tatu ndilo dawa ya la kwanza. Nitaanza hapo, maana ndipo ulipokata shauri, na naona shauri lenyewe limekwenda kombo. Kwa ufupi, ningekushauri urudi kwenye kufuma na kutembea wiki hii hii, kabla hujaandika chochote, na muache kutumiana idadi ya maneno. Mengine nitakayosema ni sababu za ushauri huo, na mipaka yake.

Ulipoacha kufuma ulitarajia saa zile ziende kwenye hadithi. Kwa maelezo yako mwenyewe hazikwenda. Zimeishia kwenye kufuta sentensi na kwenye simu. Silisemi hili kukulaumu. Linaonyesha kwamba tatizo lako halikuwa uhaba wa muda. Aliyekosa muda, ukimpa saa moja ya ziada, huandika. Aliyekwama ukimpa saa hiyo, hupata saa moja zaidi ya kukwama, na huinuka mezani akiwa na ushahidi mwingine dhidi yake mwenyewe. Zaidi ya hapo, kiapo chako kimeongeza uzito wa meza. Unapokaa kuandika sasa, kinachokungoja si hadithi peke yake; ni hadithi pamoja na uzi, matembezi na urafiki wenu. Sentensi ya kwanza ya rasimu haiwezi kubeba yote hayo.

Unadhani starehe ni adui wa kazi kwa sababu ukiwa nazo huonekani ukiandika. Lakini sehemu ya kuandika hufanyika mtu akiwa hana kalamu mkononi. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas alieleza kwamba kazi ya ubunifu hupitia hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kung'amua na kuhakiki. Katika hatua ya kuatamia mtu ameliweka tatizo kando, anafanya jambo jingine, huku akili ikiendelea nalo chini kwa chini. Baadaye watafiti walianza kulipima jambo hili. Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya tafiti 117 wakaona kwamba kuliacha tatizo kwa muda husaidia kweli, ingawa si kwa kila aina ya tatizo. Lililonigusa mimi kama mtu ninayeishi na waandishi ni hili: kwenye mafumbo ya lugha, muda uliojazwa kazi nyepesi ulisaidia kuliko muda wa kukaa bure.

Kufuma mstari baada ya mstari ni kazi nyepesi ya aina hiyo, na kutembea njia uliyoizoea vilevile. Mikono ina la kufanya, macho yana pa kutua, na akili inabakiwa na nafasi. Simu haiachi nafasi hiyo, kwa sababu kila unachokifungua kinadai kisomwe, kijibiwe, kilinganishwe na maisha yako. Ulipoacha uzi ukashika simu, hukupunguza starehe. Ulibadilisha pumziko linalosaidia ukachukua lisilosaidia.

Kutembea kuna ushahidi wake pia. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2014 majaribio manne yaliyohusisha watu 176. Walipokuwa wakitembea, wengi walitoa mawazo mengi na mapya zaidi kuliko walipokuwa wamekaa, hata wale waliotembea kwenye mashine wakiwa wametazama ukuta, na nguvu hiyo iliendelea kidogo hata baada ya kuketi. Lakini kwenye maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukuwafaa hivyo. Ukilielewa hilo utajua utumie nini kwa kazi gani. Unapotafuta nini kinaweza kumtokea mhusika wako, toka nje. Unapochagua kati ya neno hili na lile, kaa chini.

Sasa mpaka wenyewe, maana nisipoutaja nitakuwa nimekupa ruhusa ya kukimbia. Kuatamia hutanguliwa na kujiandaa. Benjamin Baird na wenzake, katika jaribio la mwaka 2012, waliona kwamba kazi nyepesi inayoacha mawazo yatangetange iliwasaidia washiriki kwa maswali waliyokwisha kukutana nayo, siyo kwa maswali mapya. Mtu hawezi kufuma mwezi mzima bila kuigusa rasimu, kisha akangoja hadithi imjie. Kabla ya kutoka, soma aya uliyokwama. Jiulize swali moja, liwe mahususi, kwa mfano: kwa nini huyu mama wa kwenye hadithi anarudi usiku badala ya kungoja asubuhi? Kisha ufunge daftari, uondoke, na usilazimishe jibu njiani. Ukirudi, kabla ya kunywa maji na kabla ya simu, andika mistari mitatu. Hata kama jibu halijaja, andika ulichokiwaza.

Kuhusu kipaji, hapana, hakijaisha, na wazo hili nalitaka likutoke kabisa maana ndilo linalokuogopesha kuliko mengine. Hadithi uliyoiandika mwaka jana uliiandika wewe, na uwezo wa kupanga tukio, kusikia sauti ya mhusika na kujua sentensi ipi ni dhaifu hauyeyuki ndani ya mwaka. Ushahidi uko kwenye barua yako: unafuta. Mtu aliyepoteza kipaji angeandika sentensi mbovu na kuridhika nayo. Wewe unaziona, na unaziona mapema mno.

Miaka ya 1940 daktari wa akili Edmund Bergler alitafuta chanzo cha kukwama kwa waandishi ndani ya migogoro iliyofichika ya utotoni. Watafiti wa baadaye walitazama karibu zaidi na meza ya kuandikia. Mwaka 1980 Mike Rose, aliyekuwa akifanya kazi na wanafunzi wa chuo kikuu huko California, alilinganisha wanafunzi kumi: watano waliokuwa wakikwama na watano wasiokwama. Wote walikuwa na uwezo. Tofauti aliikuta kwenye kanuni walizobeba kichwani. Waliokwama walikuwa na kanuni ngumu, zisizopinda: kwamba kila sentensi lazima iwe safi kabla ya kwenda kwenye inayofuata, au kwamba mwanzo lazima umnase msomaji papo hapo. Wasiokwama nao walikuwa na kanuni, ila waliziweka kando zilipowazuia. Soma tena sehemu ya barua yako inayoeleza unavyokaa mezani. Unaandika sentensi ya kwanza, unaifuta, unaiandika tena. Hiyo ni kanuni inafanya kazi, nawe huenda hujawahi kuitamka.

Nieleze kinachotokea kichwani wakati huo. Linda Flower na John Hayes walieleza mwaka 1981 kwamba mtu anapoandika hufanya kazi tatu kubwa zinazoingiliana: kupanga, kuyageuza mawazo kuwa maneno, na kuyapitia yaliyoandikwa. Shida ni kwamba sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo kwa papo ni finyu. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba inashika takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Sasa hesabu vyako: unachotaka kusema, sauti ya mhusika, muundo wa sentensi. Hapo nafasi imekaribia kujaa. Halafu anaingia mhakiki aliye ndani yako na swali lake: je, hii ni nzuri kama ile iliyosifiwa? Anaingia pia mwenzako na idadi ya maneno yake. Kitu fulani lazima kidondoke, na kwa kawaida kinachodondoka ni kile ulichotaka kusema. Unabaki unatazama sentensi ambayo hukumbuki ilikuwa inakwenda wapi, unahitimisha kwamba huna la kusema.

Na sifa zile zimechangia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo humwonya anayelewa sifa akaanza kulegea. Kwako imekuwa kinyume chake: hujalegea hata kidogo, umekaza mpaka mkono hauendi. Mwaka 1985 Teresa Amabile aliwaomba waandishi 72 waandike mashairi mafupi. Baadhi yao, kabla ya shairi la pili, walipewa dakika chache za kufikiria sababu za nje za kuandika, kama vile sifa na fedha. Mashairi yao yaliyofuata yalihukumiwa kuwa na ubunifu pungufu. Zilikuwa dakika chache tu za kufikiria. Wewe umeyabeba mawazo hayo mwaka mzima.

Nije kwa rafiki yako, na hapa nataka kusema polepole, kwa sababu nadhani kuna jambo umelifunga ndani ya neno aibu. Huenda unamwonea wivu. Kama ndivyo, huna roho mbaya. Abraham Tesser, mwanasaikolojia wa Marekani, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mafanikio ya mtu wa karibu hutufurahisha yakiwa katika jambo ambalo sisi hatujitambulishi nalo, na hutuchoma yakiwa katika lile tunaloliona ndilo sisi wenyewe. Mgeni akituzidi hatuumii sana. Rafiki akituzidi tunaumia. Katika jaribio lake na Jonathan Smith la mwaka 1980, watu waliombwa watoe vidokezo vya kuwasaidia wengine kubahatisha neno. Walipoambiwa kwamba ni mchezo tu, waliwapa marafiki zao vidokezo vyepesi kuliko walivyowapa wageni. Walipoambiwa kwamba zoezi linapima uwezo wenye maana, marafiki walipewa vigumu kuliko wageni.

Sasa jiulize: mwenzako akifuma vizuri kuliko wewe, unaumia? Akimaliza fumbo la maneno kabla yako, unakosa usingizi? Bila shaka hapana, unacheka naye. Ni uandishi peke yake ndio uliogeuka kipimo. Na wewe, katika kutafuta dawa, umeviacha vile visivyouma ukabaki na kile kinachouma. Mnakutana sasa kwenye idadi ya maneno tu, kila usiku, mahali pekee ambapo urafiki wenu una jeraha. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niseme urudi kwenye uzi na matembezi. Faida kwa hadithi ipo, lakini hata ingekuwa haipo ningekushauri hivyo hivyo.

Je, mnaweza kuandika pamoja? Mnaweza, ila si kazi zote za uandishi zinazofaa kufanywa mbele ya mtu. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1965, akipitia tafiti nyingi za kabla yake, kwamba kuwapo kwa mtu mwingine huboresha kile tulichokizoea na huvuruga kile ambacho bado hatujakimudu. Kunakili, kusahihisha, kuhesabu sura, kupanga karatasi, haya mwenzako akiwa kando huenda vizuri. Kutafuta sentensi ambayo bado haipo ni jambo jingine, hasa kwa aliyejeruhiwa kama wewe. Fanya hilo ukiwa peke yako kwa sasa.

Idadi ya maneno iacheni kabisa, angalau mpaka uwe na rasimu nzima mkononi. Najua wapo wanaonufaika nayo, na huenda mwenzako ni mmoja wao. Anaweza kuendelea kuhesabu yake bila kuituma. Kwako namba ile inafika usiku, mtu akiwa amechoka, na inajibu swali moja tu: nani amemzidi nani.

Kuna tahadhari nyingine kuhusu mazungumzo yenu. Peter Gollwitzer na wenzake waligundua mwaka 2009 kwamba, kwa malengo yanayogusa mtu anataka kuwa nani, nia ikishatangazwa na kutambuliwa na mwingine, mwenye nia anaweza kujibidiisha pungufu, kwa sababu amekwisha kuonja kidogo ladha ya kufika. Kwa hiyo kumwambia mwenzako "mwaka huu naandika riwaya" kunaweza kukutoa nguvu. Kumsimulia tukio ni jambo tofauti kabisa, nami nakushauri umsimulie.

Hili la kusimulia nimeona likifungua watu wengi kwenye warsha, na ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa wewe. Mkiwa mnafuma, mwambie: acha nikusimulie kinachotokea kwa huyu mama usiku ule. Usimweleze mpango wa hadithi, wala ujumbe wake. Msimulie tukio moja, tangu anapofika mlangoni. Kazi ya mwenzako ni kuuliza "halafu?" na "alisema nini?", basi. Asisifu, asikosoe. Washa kinasa sauti cha simu na uisahau. Mdomoni hakuna sentensi ya kufuta. Ukikosea unaendelea, kama watu wote wanavyosimulia tangu zamani, na sauti yako mwenyewe, ile iliyokuwa kwenye hadithi iliyosifiwa, hujitokeza bila kuitwa. Kesho yake sikiliza ukaandike ulichokisema neno kwa neno, pamoja na kurudiarudia kwako. Hapo mwenzako anaweza hata kukaa karibu, maana kunakili unakumudu. Utakachopata kitakuwa kibovu kimaandishi. Lakini kitakuwa rasimu, na wewe unajua kusahihisha kuliko unavyojua kuanza. Njia hii ina kasoro moja: hadithi zinazotegemea mawazo ya ndani ya mhusika, zisizo na matendo, husimulika kwa shida. Kama yako ni ya namna hiyo, chagua tukio dogo lenye watu wawili wanaozungumza.

Kama kusimulia hakukufai, kuna kuandika bila kusimama, zoezi ambalo Peter Elbow alilipigania tangu mwaka 1973. Unaweka dakika kumi, unaandika mfululizo, hufuti, hurudi nyuma, hujali tahajia; ukikosa la kuandika unaandika kwamba umekosa la kuandika. Ni zoezi zuri la kumzoesha mhakiki kungoja zamu yake. Watu hulikatia tamaa kwa sababu wanatarajia dakika hizo zizae kurasa za hadithi. Mara nyingi hazizai. Utapata sentensi moja au mbili zenye uhai, mara nyingine hakuna, na hilo ni sawa.

Jambo lingine utakalolisikia ni kwamba ungoje hamasa. Sikubaliani nalo, na nina sababu. Robert Boice alifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1983 na wanataaluma 27 waliokuwa na shida ya kuandika. Wengine waliambiwa wasiandike isipokuwa kwa dharura, wengine waandike wakijisikia, na wengine walifungwa na ratiba yenye adhabu. Waliofungwa na ratiba ndio walioandika zaidi, na, kinyume cha watu wanavyodhani, ndio waliopata mawazo mapya mengi zaidi. Hamasa ilifuata kazi. Lakini tuwe waangalifu tusije tukakusomea jaribio hili kama sifa ya kujinyima. Hao walikuwa wasomi wa vyuo vikuu wakiandika kazi za taaluma, na ratiba yao ilidai kitu kidogo kinachowezekana kila siku. Kiapo chako kinadai hadithi nzima kabla ya kukuruhusu kupumua. Chukua kutoka kwa Boice udogo na ukawaida, uache adhabu.

Kwa vitendo ningesema hivi: dakika kumi na tano, siku tano kwa wiki, saa ile ile, na ufunge saa hiyo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Kwa mfano, jiambie: "Nikimaliza chai ya asubuhi, nafungua daftari kwenye ukurasa wa jana." Mpango wa namna hii, yaani "wakati fulani ukifika nafanya jambo fulani", hufuatwa zaidi kuliko nia ya jumla ya "nitaandika kesho". Muda ukiisha, simama, hata kama umeanza kunoga. Katika wiki mbili za kwanza usiiguse sentensi ya kwanza ya hadithi. Anzia katikati, mahali unapopaona vizuri zaidi. Mwanzo utauandika mwisho, ukishajua hadithi inahusu nini. Ninakuomba utenganishe kuandika na kuhakiki kwa muda huu tu. Waandishi wazoefu huchanganya vyote viwili, na wewe utarudi kuvichanganya mkono ukishazoea tena.

Unaweza pia kuchagua kuacha kuandika kwa miezi mitatu. Si kushindwa. Ukiamua hivyo, weka tarehe ya kurudi na umwambie mwenzako, na katika miezi hiyo usome sana. Faida yake ni kwamba aibu hupoa. Hasara yake ni kwamba woga wa meza, usipokabiliwa, huweza kukua. Kwa hali yako, kwa kuwa umeshakaa mwaka mzima bila kumaliza kitu, ningechagua dakika kumi na tano badala ya likizo nyingine. Lakini wewe ndiye unayejijua.

Njia nyingine ni kubadilisha uwanja kwa muda: mwenzako abaki na hadithi, wewe uandike barua, mashairi ya watoto, kumbukumbu za bibi yako, chochote ambacho hakuna atakayekilinganisha na kile kilichochapishwa. Inapunguza mashindano, na wengine hurudi kwenye hadithi wakiwa wepesi. Wengine hawarudi, na hugundua kwamba uwanja mpya ndio wao.

Kuna jambo moja siwezi kulijua kwa kusoma barua, na ni muhimu kuliko yote niliyosema. Umeandika kwamba uliacha kufuma na kutembea kwa kiapo. Je, bado unavitamani? Ukiuona uzi mkono unawasha? Kama ndiyo, nina imani tatizo liko pale nilipolieleza. Lakini kama ulipoacha hukuhisi umepoteza kitu, kama vitu vyote vimepoteza ladha, siyo kuandika tu, na kama huzuni au utupu huo umekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usioelezeka au kujiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona. Sonona hutibika, na hutibiwa na daktari au mshauri nasaha, ana kwa ana. Mazoezi ya uandishi hayatoshi. Ukiwa na mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo, na mwenzako huyo anaweza kuwa wa kwanza, mwende hospitali pamoja.

Vilevile, kukwama kwako kukiwa si kwa kukosa uamuzi bali maneno ya kawaida yanapotea ghafla, huwezi kutaja vitu unavyovijua, usemi unaburuta, uso unapinda upande mmoja au mkono unalegea, hiyo ni dharura ya kiafya. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kama ulianza dawa mpya karibu na wakati ulipokwama, mweleze aliyekuandikia, bila kuziacha mwenyewe. Na kama kutulia kwenye kazi yoyote kumekusumbua tangu utotoni, si kwenye uandishi pekee, inafaa pia kuchunguzwa.

Ikiwa afya yako ni njema, umerudi kwenye uzi na matembezi, umejaribu kusimulia na zile dakika kumi na tano kwa wiki sita hivi, na bado hakuna aya inayosimama, tafuta mhariri au mwalimu wa uandishi mkae meza moja. Asiwe rafiki yako; mwacheni rafiki abaki rafiki. Usimpelekee hadithi iliyochapishwa. Mpelekee kurasa ulizokwama nazo, na kuanzia leo usifute tena: piga mstari juu ya sentensi uliyoikataa, uiache isomeke. Akiziona tano au sita zilizokatwa mfululizo, ataweza kukuonyesha ni kanuni ipi inayozikata.